Mtaji, Nyumba na Pamba: Michezo ya Mezani Iliyofika Mjimwema

Mjimwema inayotajwa hapa si ile ya Kigamboni, ambayo msomaji wa pwani huenda ameshaipita akielekea ufukweni. Ni Mjimwema ya Songea, mkoani Ruvuma, katika nyanda za juu za kusini, mahali ambapo mahindi ndiyo yanayotawala shamba na mnazi ni mti wa kusikia. Mkomwe nao haumei huko. Huo ni mmea wa mchanga wa pwani, wenye miba, na mbegu zake za rangi ya majivu ndizo kete halisi za bao. Kwa hiyo mzee mmoja wa Mjimwema, mwenye ubao wa mninga aliouchonga mwenyewe, huzihesabu kete zake kila anapomaliza kucheza kama mtu anayehesabu fedha za amana. Ziwe 64. Zimesafiri kutoka Lindi kupitia Masasi, Tunduru na Namtumbo, na ikipotea moja hapana ufuko wa kuokotea nyingine.

Kwenye baraza ya mzee huyo yalifika masanduku matatu ya michezo ya mezani, yameletwa na mpwa wake aliyekuwa masomoni Ujerumani. Michezo ya aina hii ina wapenzi wengi Ulaya na Marekani, nao si watoto, bali ni watu wazima wanaokaa saa mbili au tatu kwenye meza moja wakifikiri. Huko huhakikiwa kama vitabu vinavyohakikiwa: jina la mtunzi huandikwa juu ya sanduku, matoleo huhesabiwa, na toleo jipya hulinganishwa na la zamani. Haifai basi kwa wapenzi wa fasihi kuyafumbia macho masanduku hayo, hasa pale ambapo majina ya pwani ya Waswahili yamechapishwa juu yake. Moja kati ya matatu hayo linaitwa Mombasa.

Kabla ya kuyafungua, hapana budi ubao wa mninga uelezwe, maana ndio uliotumika Mjimwema kuyapimia mengine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili. Kete 64 hugawanywa sawa. Kila mmoja huanza kwa kuweka 10 ubaoni: 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba lililo safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia. Zile 22 zinazosalia hushikwa mkononi. Katika kipindi cha kunamua, kila zamu huingiza kete moja. Kete za mkononi zikiisha, huingia kipindi cha mtaji, ambapo zile za ubaoni ndizo zinazochezwa. Aliyemalizwa safu ya mbele amefungwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa tele. Na akifungwa hivyo kabla hajamaliza kunamua, amefungwa mkononi, jambo ambalo watu wa barazani hawalisahau upesi.

Mpenzi wa ushairi atazitazama hesabu hizo mara mbili. Shairi la tarbia la mizani 16 kwa mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, lina mizani 64 katika ubeti mmoja, sawasawa na kete. Na kila mchezaji, kwa safu zake mbili za nane nane, amekalia kama mshororo mmoja uliokatwa katikati. Hapana anayedai kwamba shairi limezaliwa na bao wala bao na shairi. Waganda wana omweso wao wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, na tarbia hawana. Lakini Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya bao, na mtu aliyezoea kuipima mizani vidoleni hawezi kushindwa kuuona udugu wa kazi zile mbili. Mtupaji kete hatupi apendapo. Kila shimo lina haki ya kete moja, si zaidi, na kete ya mwisho ndiyo inayoamua kama mkono utaendelea au utalala, kama vile silabi ya mwisho inavyoamua kama kina kimepatikana au kimekosekana.

Sasa sanduku la kwanza. Mombasa ni kazi ya Alexander Pfister, mtunzi wa Austria, na ilitolewa Ujerumani na eggertspiele mwaka 2015. Mwaka uliofuata ilishika nafasi ya kwanza katika tuzo ya Deutscher Spiele Preis. Huchezwa na watu wawili hadi wanne. Katikati ya meza kuna ramani ya Afrika, na pembeni kampuni nne zilizopewa majina ya bandari na miji: Mombasa, Cairo, Saint-Louis na Cape Town. Hakuna mchezaji anayemiliki kampuni. Wote hununua hisa katika kampuni hizo, kisha huzisukuma zitanue vituo vyao vya biashara barani, maana kadiri kampuni inavyoenea ndivyo hisa zake zinavyopanda thamani. Karata wanazotumia ni za bidhaa, yaani ndizi, kahawa na pamba, pamoja na za wapelelezi wa bara na za wanaotunza vitabu vya hesabu. Kuna pia njia ya almasi. Baada ya duru saba huhesabiwa fedha, na mwenye nyingi ndiye mshindi.

Kama mtambo, mchezo huu ni wa kupigiwa mfano, na lisemwe hilo kwa haki kabla ya mengine kusemwa. Uzuri wake uko katika mwendo wa karata. Kila duru mchezaji huzipanga karata zake kifudifudi chini ya ubao wake, katika nafasi zilizotengwa, kisha wote hufunua kwa pamoja. Zikishatumika hazirudi mkononi. Kila moja hupanda juu ya nafasi yake na kujiunga na rundo lililopo, na mchezaji huruhusiwa kurudisha mkononi rundo moja tu. Kwa hiyo anayetaka kahawa zake tatu zije pamoja duru ya tano hana budi azilaze katika rundo moja tangu duru ya pili. Mzee wa Mjimwema, ambaye hakusoma neno la kitabu cha kanuni, alilifahamu jambo hili mapema kuliko vijana waliokuwa mezani. Kulimbikiza leo ili kuondoka kwa kishindo kesho ndiyo siri ya nyumba katika bao. Mwenye nyumba nene huiacha ikilala, adui akiitazama kwa hofu, mpaka siku ya kuisafirisha; na ikishasafiri haiwi nyumba tena.

Ugumu ulikuja kwenye maneno. Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kijerumani, na mpwa alilazimika kufasiri papo kwa papo. Alipofika kwenye fedha za kuanzia alisema, "Mjomba, kila mtu ana mtaji wake." Mzee akauliza, "Mtaji wa kula nini?" Vijana walicheka, lakini swali lilikuwa sahihi. Katika bao, mtaji ni mchezo unaokula kete za mwenzio. Asiye na mtaji zamu hiyo hutakata tu, yaani huzungusha zake mwenyewe bila kula. Katika biashara, mtaji ni rasilimali. Kiswahili kimeyaweka mambo hayo mawili ndani ya neno moja, na mchezo wa Mombasa, bila ya mtunzi wake kujua, umejengwa juu ya neno hilohilo: rasilimali inayokula. Lau ungefasiriwa rasmi, mfasiri asingehitaji kutafuta istilahi nyingine.

Neno la pili lilikuwa zito zaidi. Vile vijumba vya mbao vinavyowekwa kwenye ramani, mpwa aliviita vituo vya biashara, kama kitabu kinavyosema. Mzee aliviita maboma. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitazama tu, alisema boma ndilo neno, kwani kampuni haikupanua vituo pasi na bunduki. Hapa ndipo uhakiki wa mchezo huu unapoanza hasa, maana baraza ile haiko mbali na makumbusho ya Majimaji.

Tazama tarehe. Mnamo 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza aliipa jumuiya ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya ardhi za Afrika ya Mashariki, hati iliyofungua njia ya kampuni ya Kijerumani kutawala. Waingereza nao waliipa kampuni yao, ile iliyoweka makao Mombasa, hati ya kifalme mwaka 1888. Pwani iliinuka mwaka huohuo, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani Disemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akaiandikia vita ile utenzi wake. Kampuni ya Kijerumani ilishindwa kazi na dola ikaichukua nchi. Mwaka 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima, na Majimaji ikaanza. Septemba ya mwaka huo Wangoni waliingia vitani. Na tarehe 27 Februari 1906, miaka 21 kamili tangu hati ile kutiwa saini, Wajerumani waliwanyonga Songea kwa siku moja viongozi na wapiganaji zaidi ya sitini, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua wengi zaidi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria kwa vita nzima hufika watu 250,000 hadi 300,000.

Karata ya pamba iliyowekwa mezani Mjimwema ni karata ya pamba hiyo. Mwalimu mstaafu, kwa uaminifu wa taaluma yake, aliwakumbusha vijana kwamba pamba haikuwa sababu kubwa Ungonini kama ilivyokuwa Umatumbini. Wangoni walikuwa na machungu yao mengine, ya kodi, ya kazi za shuruti na ya wakuu kuvunjiwa madaraka. Ni sawa. Lakini katika mchezo wa Mombasa pamba haing'olewi na mtu. Hakuna anayeilima wala anayeikataa. Ramani ni ya bara zima na haina mkaazi hata mmoja. Kitabu cha kanuni kina maelezo yanayokiri kuwa zama zile zilikuwa za giza na kwamba mchezo haukukusudiwa kuwa historia. Maelezo hayo ni ya heshima, na ni afadhali yawepo kuliko yasiwepo. Ila kukiri kwenye ukurasa wa kitabu ni jambo moja, na kanuni ya mchezo ni jambo jingine. Kinachofundisha katika mchezo ni kile ambacho mkono unafanya mara kwa mara, na hapa mkono unasukuma boma mbele, tena na tena, na hakuna kinachousukuma nyuma isipokuwa kampuni nyingine.

Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, hakuwa mpiganaji, na utenzi wake una mambo ambayo msomaji wa leo atabishana nayo. Lakini humo mna watu. Wanatajwa kwa majina na kwa miji yao, wanakimbia, wanakamatwa. Mtunzi wa Mombasa amekitoa kitu kilekile ambacho mtenzi alikiona kuwa ndicho habari yenyewe.

Mwaka 2022 mchezo huu ulitolewa upya ukiwa umegeuzwa mazingira. Jina la sasa ni Skymines, na kampuni zake hazichimbi tena Afrika. Zinachimba mwezini na kwenye vimondo. Mtambo wa karata na marundo umebaki karibu uleule. Wapo wahakiki wa Ulaya walioipokea hatua hiyo kama toba, na haiwezekani kuilaumu moja kwa moja: mwezini hakuna aliyelimishwa pamba. Hata hivyo kuna jambo la kutafakariwa. Mwandishi akiona aibu kwa sura moja ya kitabu chake, ana njia tatu: kuiandika upya kwa ukweli zaidi, kuiacha na kubeba lawama, au kuihamishia mahali pasipo na watu. Skymines imechagua ya tatu. Kilichokuwa kosa la Mombasa, yaani bara lisilo na wenyeji, kimegeuzwa kuwa sifa, kwa sababu sasa limepatikana bara ambalo kweli halina wenyeji. Mchezaji anayetaka mtambo tu na anunue Skymines, atafurahi, wala hatajisikia vibaya. Mchezaji wa Songea au wa Mombasa atafanya vyema kuicheza ile ya kwanza walau mara moja, akiwa na mtu wa kumsimulia pembeni.

Sanduku la pili ni toleo jipya pia, na limechagua njia ya kuandika upya. Puerto Rico ya Andreas Seyfarth ilitoka mwaka 2002 na kwa miaka mingi ilihesabiwa miongoni mwa michezo bora duniani. Wachezaji ni wenye mashamba katika kisiwa cha Karibi. Hulima mahindi, sukari, nili, tumbaku na kahawa, na hupokea melini vidude vidogo vya mviringo vya rangi ya kahawia, ambavyo kitabu kiliviita walowezi. Vidude hivyo havikupata kuuliza mshahara. Kila aliyekuwa na macho alijua ni nani waliofanya kazi katika mashamba yale, na mtu wa Unguja ndiye wa mwisho kuhitaji kuelezwa, yeye anayejua karafuu ilipandwa kwa mikono ya nani.

Toleo la mwaka 2022 linaitwa Puerto Rico 1897. Wachezaji sasa ni wakulima huru, baada ya utumwa kufutwa, wanaotafuta wafanyakazi wa kuajiri. Mwaka wa 1897 umechaguliwa kwa kuwa ndio ambao Hispania iliipa Puerto Rico hati ya kujitawala. Kwa msomaji wa visiwani mwaka huo una sauti nyingine. Utumwa ulifutwa Puerto Rico mwaka 1873, mwaka uleule ambao soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni. Na 1897, mwezi wa Aprili, ndio mwaka ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba. Visiwa viwili, bahari mbili, tarehe zilezile. Lau mtunzi wa Kizanzibari angetaka kutunga mchezo wa karafuu, kiunzi chote amewekewa hapa tayari, na mambo ambayo toleo la Puerto Rico limeyapitia kwa haraka, kwa mfano mtumwa aliyeachwa huru anakwenda wapi, na shamba analolima ni la nani, angeweza kuyafanya kuwa ndiyo mchezo wenyewe.

Mchezo huu ndio uliopendwa zaidi na vijana wa baraza ile, na sababu ni rahisi: mahindi, tumbaku na kahawa wanavijua. Namtumbo wanalima tumbaku, Mbinga kahawa. Binti mmoja wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa sekondari, aliwashinda wote mara mbili kwa kulima mahindi tu na kuyasafirisha mapema, huku wanaume wakingojea kahawa iwatajirishe. Kwa anayetaka mchezo mmoja wa kuanzia, huu ndio.

Five Tribes ya Bruno Cathala, iliyotolewa na Days of Wonder mwaka 2014, inastahili maneno machache zaidi kwa kuwa imechukua kutoka katika bao lenyewe. Ubao wake ni vigae 30, sita kwa vitano, na juu yake vijisanamu 90 vya watu, vitatu kwa kila kigae, vya rangi tano. Mchezaji huviokota vyote vya kigae kimoja na kuviangusha kimoja kimoja njiani, kama kete. Kile cha mwisho sharti kiangukie penye mwenzake wa rangi yake, na hapo wote wa rangi hiyo huokotwa. Mazingira ni usultani wa kubuni uitwao Naqala, wenye majini, ngamia na mitende. Majini yamechorwa kwa ufundi, ingawa msomaji wa Pemba atayaona ni wapole mno.

Upungufu wake mmoja ni wa kifani. Kete hazina mkono wa pili. Katika bao, ikiwa kete ya mwisho imeangukia kwenye shimo lenye nyingine, mkono huokota na kuendelea, na huenda ukazunguka ubao mara kadhaa, mtaji ukizaa mtaji, mpaka watazamaji wanyamaze. Katika Five Tribes mwendo ni mmoja na umekwisha. Faida iliyobaki ni hesabu ya kuangalia, kwani mwanzoni njia zinazowezekana ni nyingi mno, na mchezaji mwangalifu huwachosha wenzake kwa kufikiri.

Upungufu wa pili si wa kifani. Katika toleo la kwanza mlikuwa na karata za watumwa. Zililipwa kama sarafu: umpe jini mtumwa, au umtumie mtumwa kumwongezea nguvu mjenzi au muuaji. Wachezaji wengi walilalamika, na katika matoleo ya baadaye karata hizo ziligeuzwa kuwa za mafakiri. Kanuni ni ileile. Fakiri hutolewa kama alivyotolewa mtumwa, na kununua kilekile. Mfasiri yeyote anaijua hila hii: neno limebadilishwa, sentensi haikuguswa. Mwislamu ana haki ya kuuliza kwa nini mtu aliyejinyima dunia kwa ajili ya Mola wake ndiye aliyeonekana anafaa kurithi nafasi ya kutumika kama sarafu. Bila ya shaka hakukuwa na nia mbaya. Palihitajika picha nyingine ya kuchapishwa, na picha ikapatikana.

Hayo ni ya kufuta na kugeuza. Lipo pia la kupunguza, na ndilo linaloligusa bao zaidi. Katikati ya karne ya 20 Mmarekani William Julius Champion alitunga na kuuza mchezo alioupa jina la Kalah, wa safu mbili za mashimo sita sita na shimo la akiba kila upande. Ndio mchezo ambao leo, kwa jina la mancala, hujaza maduka ya watoto ya Ulaya na Marekani na kutajwa kuwa ni mchezo wa Afrika. Ni mwepisi, wafundishika kwa dakika tano. Mwaka 2000 watafiti waliutatua kwa kompyuta na kuonyesha kuwa katika mipangilio mingi anayeanza hushinda akicheza pasi na kosa. Awari, ndugu yake wa Afrika Magharibi, ilitatuliwa mwaka 2002: wawili wasiokosea hutoka sare. Bao la Kiswahili halijatatuliwa.

Kupunguza huko hakuishii ughaibuni. Maduka ya vinyago huuza mbao ndogo za mashimo sita sita, zimepakwa rangi na kung'arishwa, kwa sababu mgeni akifika nyumbani kwake kitabu alichonacho ni cha Kalah. Nyingine zina safu nne kamili lakini nyumba haina mraba. Mchonga hakuambiwa, au ameona mnunuzi hatajua. Ubao usio na nyumba ni sawa na diwani iliyochapishwa bila ya kugawa beti. Maneno yamo yote, ila msomaji hajui pa kupumzika.

Na hapa lawama lazima irudi nyumbani. Masanduku ya Ulaya, pamoja na kasoro zake zote, yana kitabu cha kanuni. Bao la Kiswahili huishi vinywani. Kazi kubwa kuliko zote juu ya mabingwa wake, ile ya Alex de Voogt iitwayo Limits of the Mind, ilitoka Leiden mwaka 1995 kwa Kiingereza, nayo ilitokana na kukaa na mabingwa wa Unguja. Mpwa wa Mjimwema alijifunza tofauti ya kutakata na kutakasia kutoka katika kitabu cha Kiingereza, akiwa ughaibuni, ilhali mjomba wake alikuwa anaijua kwa miaka 40 na hakuweza kuieleza isipokuwa kwa kuonyesha. "Cheza utaona," ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali. Jibu hilo limetosha kwa karne nyingi kwa sababu palikuwa na baraza kila mtaa na mtoto wa kiume aliyekaa kutazama. Binti yule aliyewashinda wenzake kwa mahindi hakuwahi kukaribishwa kwenye ubao wa mninga, na hakuna kitabu ambacho angekifungua peke yake. Mchezo uliomkaribisha ni ule uliokuja na kanuni zilizoandikwa.

Atakayekiandika kitabu cha bao kwa Kiswahili hatakuwa na shida ya istilahi. Zimo zote, kichwa, kimbi, nyumba, mtaji, kulala. Aanze na bao la kujifunza, la kete mbili mbili katika kila shimo, ambalo halina kunamua, ndipo aingie kwenye lenyewe. Asilihamishe bao popote wala asilipunguze. Na kabla ya yote aende na karatasi kwa wazee wa barazani wasioweza kueleza isipokuwa kwa kuonyesha, aketi awatazame mikono.

Kwa sasa masanduku matatu yako juu ya kabati Mjimwema, chini ya ubao wa mninga. Puerto Rico ndiyo inayoshushwa mara nyingi. Katika sanduku la Mombasa kijumba kimoja kimepotea, na mahali pake imewekwa komwe. Mzee amekataa kutoa yake. Mpwa ameagiza nyingine Lindi.